Kiti cha Dereva Hakirudi Nyuma

Haya alinisimulia rafiki yangu Elius, mtu asiyependa mzaha. Alinunua gari dogo la spoti, la milango miwili, pale Makambako, akaondoka nalo na mkewe kurudi Njombe. Njiani ukungu ulitanda hadi mchana ukawa giza. Elius ni mrefu, na usukani ulimbana mapaja. Akasimama pembeni, akavuta kishikio cha chini ya kiti, akakisukuma nyuma. Kra! Kikarudi mbele.

“Mama Erica, hebu tazama nyuma kuna nini.”

Mkewe akageuka. “Hakuna kitu, baba Erica. Siti tupu.”

Elius akazima injini. Kukawa kimya. Akajisukuma tena kwa nguvu zote, na kupitia mgongo wa kiti akahisi magoti mawili ya mtu yakimrudisha mbele, taratibu.