Godoro Kwenye Kibanda cha Mnara

Wenzangu, leo siwazungushi. Nawapa habari ya nyumba moja, halafu kila mtu arudi kwake akajiangalie.

Mle ndani ya kibanda cha mnara wa simu kulikuwa na raha ya ajabu. Nje jua linachoma mabati mpaka yanalia, ndani hewa laini inashuka kutoka ukutani kama mtu anakupuliza usoni taratibu. Taa ndogo za kijani zinapepesa kwenye mitambo ya simu. Kipupwe, fundi mtunzaji wa mnara ule, amelala chali kwenye godoro lake, macho nusu, anajiona anaelea. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu akikupita unasikia ubaridi unamtoka kwenye shati.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mitambo ile inachemka muda wote, kwa hiyo ukutani vilifungwa viyoyozi viwili, vimesimama bega kwa bega kama makabati. Kimoja kinafanya kazi, kingine kinapumzika, halafu vinapokezana. Hewa ya moto inavutwa kwa chini, ya baridi inatoka juu. Yeye asafishe vichujio, aangalie kipimajoto, afunge kufuli, aende nyumbani.

Nyumbani ndiko hakutaka. Walikuwa na chumba kimoja, bati juu ya kichwa, na mkewe ana mimba kubwa, miguu imevimba, anajipepea na mfuniko wa ndoo.

"Leo kaa na mimi," mkewe alimwambia asubuhi ile. "Mgongo unaniuma vibaya."

"Nina zamu, mke wangu."

"Zamu gani? Jana zamu, juzi zamu. Huo mnara umeuoa?"

"Ukizidiwa nipigie. Simu iko wazi."

"Kupiga nitapiga. Wewe upokee tu."

Akatoka akipiga mluzi. Zamu yenyewe haikuwepo. Mnaona namsema sana? Ngojeni.

Siku hiyo baridi ya kawaida haikumtosha. Akaviwasha viyoyozi vyote viwili kwa mpigo, akashusha nyuzi za joto mpaka mwisho, akalisukuma godoro likabana ukuta. Nyavu za chini, zile za kuvutia hewa, zikazibika zote. Hakujali. Upepo si unatoka juu? Akalala.

Akaota anatembea juu ya mawingu, nyayo hazina uzito. Mahali fulani mkewe anamwita, sauti kama inapita ndani ya maji. Anataka kuitika, lakini mdomo hauna haraka.

Kumbe viyoyozi vimekosa hewa ya kuvuta. Barafu ikajijenga ndani yake, ikaziba kila upenyo. Upepo ukafifia, ukakata. Taa za kijani zikawa nyekundu, halafu zikazimika moja moja, kimya kimya, maana mitambo ile ikizidiwa na joto inajizima yenyewe isiungue.

Joto ndilo lililomwamsha. Shati chapachapa, simu haina mtandao.

Akatoka nje. Mtaa ulikuwa kama umesimamishwa. Watu wameinua simu juu, wanageuka polepole huku na kule. Kinyozi amepanda juu ya kiti chake, mkono hewani.

"Kipupwe, mnara umekufa?" kinyozi akauliza.

"Umelala kidogo, kaka. Hata nao unachoka."

Kinyozi akashuka kwenye kiti.

"Mkeo ameshikwa na uchungu. Yule mshonaji jirani yenu amezunguka mtaa mzima akitafuta simu ya kumwita mkunga, maana anakaa mbali. Hakuna iliyoshika. Na mlango wa kibanda chako tumeugonga mpaka mikono imeuma."

Ule mlango ni wa chuma, jamani, mnene, umetengenezwa usipitishe hata joto. Angesikia nini?

Alikimbia, lakini njia ilikuwa kama inarefuka mbele yake. Alipofika, mshonaji alikuwa kizingitini ananawa mikono kwenye beseni. Hakumwangalia. Ndani, mkewe alikuwa hai, amegeukia ukuta. Pembeni yake kuna kitambaa kimekunjwa vizuri, kidogo sana, hakitikisiki.

"Alikuwa wa kike," mshonaji akasema. "Kitovu kilimzunguka shingoni. Mimi najua kushona, baba. Kuzalisha sijui."

Kipupwe akapiga magoti. "Mke wangu, mtandao ndio ulikata..."

"Najua. Mwanzoni ilikuwa inaita, hupokei. Baadaye haikuita tena, nikaendelea kupiga tu."

Hakupandisha sauti. Bora angetukana.

Mkewe alipopata nguvu za kutembea, alirudi kwao. Kipupwe alimbebea begi mpaka barabarani, akasimama pale muda mrefu baada ya gari kuondoka. Funguo za kibanda wenye mnara walishamnyang'anya.

FUNZO

Kitu ulichopewa ukitunze kwa ajili ya watu wote, usikigeuze kitanda chako. Ukikiharibu, huwezi kuchagua nani ataumia, na anaweza kuwa wa kwako. Na wanaume wenzangu, tuache kukimbia shida za nyumbani halafu tukaziita kazi. Mkeo akikuambia mgongo unamuuma, hakupi habari. Anakuomba ukae. Kaa.