Nusu ya Jina la Gersel

Kila alasiri akitoka shule, Gersel huvua sare, akala, kisha akaenda kando ya barabara pale Miritini kumsaidia mama yake mdogo, Eddah, kuwauzia madereva wa malori mahamri na mbaazi. Eddah ndiye aliyemlea tangu mama mzazi, Selpher, alipofariki Gersel akiwa mchanga.

Shule nzima hapakuwa na mwingine mwenye jina lake. Alijua limeungwa: Ger ya babake, Gershom, aliyefanya kazi bandarini, na sel ya Selpher. Alilipenda, hadi siku ile Kenga, aliyekaa naye dawati moja, alipomnong'oneza, "Nusu ya jina lako ni ya maiti. Ukiitwa wewe, na yeye anaitwa. Iko siku ataitika yeye kwanza."

Tangu hapo Gersel hakuwa na raha. Kila alipoitwa alinyamaza kidogo, asikilize kama kuna mwingine ataitika. Jioni upepo ukitikisa mabati, alidhani amesikia "abee" nyembamba nyuma ya nyumba. Mwishowe akaamua kutoliitikia tena jina lile. Eddah aliona ni kiburi, akamgombeza. Gersel akaificha sababu.

Alhamisi moja alikuwa ameinama nyuma ya lori, akiokota sahani za wateja. Malori mengi yalikuwa yakinguruma, hakujua kuwa na lile limewashwa.

"Gersel," Eddah aliita. "Gersel, toka hapo."

Alisikia vizuri. Lakini hakugeuka. Lori likaanza kurudi nyuma.

Eddah alimrukia, wakaanguka wote wawili kwenye kokoto. Gurudumu likazisaga sahani. Dereva alishuka mbio. Mkono wa Eddah ulikuwa unatoka damu.

"Hukunisikia?" aliuliza akihema.

"Nilisikia, mama. Niliogopa kuitika." Gersel akamweleza maneno yote ya Kenga, huku akilia.

Eddah alimfuta vumbi usoni. "Nilikuwepo ulipozaliwa. Nyanya zako walitaka jina la ukoo. Dada yangu akakupakata, akasema, 'Huyu ni wetu mimi na Gershom, jina lake nimelitunga mwenyewe.' Akawa anakuita hivyo kutwa, akicheka kila ukipepesa macho. Hilo si jina la maiti, mwanangu. Aliyekupa alikuwa hai, tena mwenye furaha."

"Mbona hukuniambia?"

"Naumia kumtaja, ndiyo maana nikanyamaza. Hapo nimekosa. Lakini na wewe, neno likikutisha, mwulize anayejua ukweli wake. Hili ulilificha likakua, na leo lilikaribia kukuua."

Gersel akamfunga mkono kwa leso. Wakaondoka pamoja kwenda zahanati, na njia nzima alikuwa akiuliza habari za mama yake.