Jina Letu Wawili

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda dukani kununua nywele za kusukia. Nilikuwa sijapumzika hata kidogo. Ndege ilinibeba usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana, ikanishusha miguu imevimba kama mito, na mwili wangu bado ulidhani ni alfajiri. Lakini harusi ilikuwa kesho yake, bibi harusi hajasukwa, na msusi ni mimi. Keshokutwa nilitakiwa niwe angani tena, narudi saluni kwangu. Wateja hawana subira. Ukifunga siku chache, unarudi unakuta vichwa vyote vimehamia kwa jirani.

Bibi harusi alikuwa somo yangu. Tunaitwa jina moja. Tulikulia kwenye nyumba ya kupanga, chumba chao kikitazamana na chetu, na mama yangu alipoita jina hilo jioni, sote wawili tuliitika "Abee", sote tukaenda, na sote tukatumwa. Kwa kuchoka kuchanganywa tukaacha kuitana kwa jina. Nikamwita somo, naye akaniita somo, yakaisha. Alipokua akasomea uuguzi, akapata kazi nchi ya mbali, na mchumba akampata huko huko, kwenye mtaa wa watu waliohamia kutoka kwetu. Mama yake hakuweza kusafiri. Presha ilikuwa imempanda, daktari akamkataza ndege. Kwa hiyo upande wa kwao nilikwenda peke yangu, kwa tiketi aliyonitumia somo mwenyewe.

Muuza duka alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Aliniuliza nywele ni za nani. Nikamwambia ni za bibi harusi, nyumba ile ya ghorofa mwisho wa mtaa.

Mkono wake ukasimama juu ya pakiti.

"Anaolewa pale?"

"Kesho."

Akazitia pakiti kwenye mfuko polepole. "Huyu wa tatu," alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

"Wa tatu wa nini, mama?"

Akageukia mteja mwingine.

Nilirudi huku nikitembea haraka kidogo kuliko nilivyotaka.

Chini nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walimenya viazi na kuchekana, sufuria ziligongana, watoto walipigana ngumi chini ya meza. Mwenyeji wetu alikuwa shangazi yake bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Bwana harusi mwenyewe alikuwa amekwenda kulala kwa rafiki yake mpaka asubuhi. Nilipofika mchana, shangazi alinishika mikono miwili akaniuliza jina langu. Kabla sijafungua mdomo, somo alidakia: "Mwiteni Msusi tu, shangazi. Ndiyo kazi yake." Wakacheka, na mimi nikacheka. Nyumba nzima ikaniita Msusi.

Somo alikuwa ananisubiri juu, kwenye chumba cha mwisho. Kitanda, kabati, kioo kirefu, kigoda. Pazia limefungwa. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikasimama nyuma yake, nikaanza kugawa nywele.

Alikuwa amekonda. Kwenye simu hakuonekana hivyo. Na ngozi ya kichwa chake ilikuwa baridi, kama ya mtu aliyetoka kunyeshewa.

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu. Mambo ya harusi."

Somo ni mwoga wa kusukwa tangu utotoni. Kila msuko lazima alalamike. Taratibu, unanivuta, unataka kuning'oa ubongo? Jioni ile alilalamika mara mbili tatu, nikamtania kwamba mumewe ataoa kichwa cha kilio, akatabasamu kwenye kioo. Kwa muda tukawa wale wasichana wa zamani. Alinieleza gauni linavyombana. Nikamweleza mwanangu, niliyemwacha kwa dada yangu, anavyokataa shule.

Kisha nikasikia harufu.

Harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, zikafungiwa kabatini miaka. Nilidhani ni kabati. Nilitaka kumwambia tufungue dirisha...

Chini pakanyamaza.

Si kwamba watu walitoka. Niliusikia ukimya ukianguka, katikati ya cheko, kijiko kikiwa bado ndani ya sufuria. Hata watoto.

Halafu nikaitwa.

Jina langu, kutoka korido, nje ya mlango. Sauti ya mwanamke, tulivu, ikiivuta herufi ya mwisho kama kamba. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyeniita hivyo.

Mama yangu. Mama yangu niliyemzika mwaka juzi.

Mdomo ulifunguka wenyewe. Ndivyo nilivyolelewa, mtoto akiitwa huitika. Somo akanikamata mkono. Nilitazama kioo. Alikuwa ananitazama humo, macho makavu, hapepesi.

"Umesikia," alinong'ona.

"Nimesikia."

"Sauti ya nani?"

"Ya mama."

"Mimi nasikia ya baba."

Baba yake alikufa tukiwa wadogo. Alianguka kwenye jengo walilokuwa wakijenga.

"Ilianza miezi miwili iliyopita, kwa mbali. Juzi iliita kutoka nje getini," alisema. "Jana ilikuwa kwenye ngazi. Nilitoka mbio nikaenda kulala kwa mwenzangu wa kazini. Ikaniita huko huko, bafuni kwake. Haichoki, somo. Inaita mpaka jina liitikiwe."

"Likiitikiwa?"

Alishika ncha ya msuko, akaizungusha kidoleni.

"Somo. Likiitikiwa?"

"Aliyeitika anakwenda nayo." Aliutazama mlango. "Nilikwenda kwa mzee mmoja anayejua mambo haya. Aliniambia haitazami sura. Inatafuta jina. Mtu yeyote mwenye jina hilo akiitika, inaridhika, inaondoka."

Nilikuwa na kitana mkononi. Nakumbuka nilikitazama kana kwamba sijawahi kukiona. Maneno yake yalikuwa mepesi, lakini yalinichukua muda kuyaelewa.

"Kwa hiyo ukanitumia tiketi."

Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Nilikutumia tiketi."

"Na mwanangu ulimfikiria?"

"Kila siku."

Sikumpiga. Nilitaka. Niliweka kitana kitandani, nikachukua pochi yangu, nikageuka niondoke, na hapo nikakumbuka kwamba njia ni moja, na kwamba kilichokuwa kinaita kilikuwa kwenye njia hiyo. Chini ya mlango palikuwa na mwanga wa taa ya korido. Katikati ya mwanga ule palikuwa na giza. Pana kiasi cha miguu miwili.

Ikaita tena.

Safari hii ilikuwa karibu mno. Kama mtu aliyeweka mdomo kwenye tundu la kitasa.

"Mwanangu... nimechoka kusimama."

Mama yangu alifua na kupiga pasi nguo za watu maisha yake yote. Alisimama tangu asubuhi mpaka jioni. Mwishoni miguu yake ilijaa maji, nikawa namkanda usiku, na alikuwa anasema maneno hayo hayo. Nimechoka kusimama.

"Nifungulie. Miguu inaniuma."

Sijui nieleze vipi. Nilijua. Akili yote ilijua kwamba yule si mama. Lakini moyo hauna akili. Niliona miguu yake, nikaona ile ngozi ilivyokuwa inabonyea chini ya vidole vyangu. Nikavuta pumzi ya kuitika. Nilisikia sauti yangu ikianza. "A..."

Kiganja kikanifunika mdomo.

Somo alikuwa amesimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama ovyo. Alinibana kwa nguvu mpaka meno yakanikata mdomo ndani. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, kabla wala baadaye. Kisha akageuza uso wake mlangoni.

"Abee," akasema.

Kwa sauti nyembamba ya msichana mdogo.

Mlango haukufunguka. Hakuna kilichoingia, si kwa macho yangu. Mwanga chini ya mlango ulirudi mzima. Chini kijiko kikaendelea kuzunguka kwenye sufuria, lile cheko lililokatika likamaliziwa, mtoto akalia amepigwa.

Kiganja cha somo kilishuka. Akakaa kwenye kigoda.

"Somo," niliita.

Hakugeuka.

"Somo..."

"Endelea kusuka."

Sauti ilikuwa yake. Nikashika kichwa chake. Kilikuwa cha moto.

Nilimaliza upande uliobaki. Sijui nilimalizaje. Vidole vinaijua kazi hata mwenyewe ukiwa haupo. Nilivuta kwa nguvu, makusudi, nikitumaini atasema taratibu.

Hakusema.

Harusi ilipendeza. Nawaambia ukweli, sijawahi kuona bibi harusi mchangamfu vile. Alicheza na kila mtu. Alipita katikati ya meza akiwashika wazee mabega na kuwauliza hali za watoto wao. Bwana harusi alimfuata kwa macho kama mtu aliyepata alichopoteza. Akaniambia, "Msusi, leo ana furaha, sijui umemfanya nini." Bibi harusi alipofika, akampangusa mumewe jasho la shingoni kwa leso, akamkunjua kola, akamwambia asimame wima.

Shangazi alikuwa amebeba sinia la glasi. Bibi harusi alimwita. Hakusema shangazi. Alimwita kwa jina moja fupi ambalo sikulijua. Glasi zote zikaenda chini.

Nilimkuta shangazi jikoni akiwa ameshika ukingo wa sinki, maji yanamwagika bure.

"Jina lile," aliniambia, "aliniita mtu mmoja tu. Wifi yangu. Mama yake bwana harusi. Amekufa miaka mingi."

Nikafunga bomba.

"Alikuwa na mambo yake, wifi," akaendelea kwa sauti ya chini. "Watu walimwogopa. Alipokuwa anakata roho alisema hatamwachia mwanamke mwingine mwanawe. Tukadhani ni maneno ya maumivu. Mchumba wa kwanza alikutwa asubuhi ya harusi hana uhai, vidole viko masikioni. Wa pili alikimbia, hatukusikia habari zake. Miaka ikapita. Tukasema yamekwisha."

"Mlijua, na hamkumwambia?"

"Tungesema nini, mwanangu? Na nani angeamini?" Alinitazama kwa macho mekundu. "Na sasa utamwambia nani? Nenda wewe ukamwambie yule kijana, jinsi anavyofurahi vile, ni nani aliyekaa pembeni yake."

Kutoka ukumbini tulisikia vigelegele. Walikuwa wanawasindikiza maharusi kwenda kulala. Shangazi akaziba mdomo kwa mkono na kuinama, akatapika kwenye sinki.

Kesho yake bibi harusi mwenyewe alitaka kunisindikiza uwanja wa ndege. Alinikumbatia mbele ya watu wote. Nikasogeza mdomo karibu na sikio lake, nikanong'ona, "Somo, uko wapi?"

Akanipapasa mgongo.

"Safari njema, Msusi. Asante kwa kazi."

Usiku kucha angani sikulala. Kila mhudumu alipopita na kusema jambo, niligandamana na kiti.

Nilifika nyumbani mchana, nikamkumbatia mwanangu mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Jioni ilibidi niende kwa mama yake somo. Bado anaishi kwenye chumba kile kile. Nilikuta mlango umerudishwa, amelala, simu kifuani, uso unang'aa.

"Amenipigia asubuhi," alisema. "Amezungumza vizuri, mtoto huyu. Ndoa imemkomaza. Haya, keti, nipe habari."

Nikaketi. Nikampa habari. Gauni, keki, watu walivyocheza. Nilimwonyesha picha moja moja. Alizisogeza karibu na macho, akacheka, akalaumu mapambo. Picha ya mwisho aliikuza kwa vidole, akaitazama muda mrefu. Kisha akanirudishia simu.

"Kasukwa na nani huyu?"

"Mimi, mama."

"Vizuri. Umezikaza."

Nje kulikuwa kunaingia giza. Nilisimama kuwasha taa.

"Somo..."

Kutoka nje. Kutoka kwenye korido ile tuliyochezea. Sauti ya chini, ya mtu aliyetembea mbali na kupoteza pumzi.

"Somo... ni mimi."

Mkono ulibaki kwenye swichi. Haikuniita jina. Iliniita kama anavyoniita yeye, na kwikwi ile ile anayokuwa nayo akishalia sana. Nilijiambia kwamba hata ile nyingine ilikuwa na sauti ya mama yangu, na miguu ya mama yangu, na uchovu wake. Nikajiambia mwanangu ananisubiri. Nikauma ulimi.

"Somo, nifungulie. Huku kuna baridi."

Kitanda kililia nyuma yangu. Mama yake alikuwa amejiinua kwa viwiko.

"Si mwanangu yule?" aliuliza. "Mbona huitiki? Anakuita wewe."

"Sijasikia kitu, mama."

Alinitazama. Kisha akautazama mlango, shingo ameinyoosha, anasikiliza. Nilimwona jinsi uso wake ulivyokuwa unabadilika kidogo kidogo.

"Analia," alisema. "Sasa anaondoka. Anaondoka huku analia."

Nikawasha taa. Nikamfunika shuka mabegani, nikamwambia alale.