Wimbo Uliozaliwa Kwenye Lifti

Lifti ya jengo la maduka ilikwama katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa ile watu wanapomiminika kutafuta chakula cha mchana. Huko chini foleni ilianza kunung'unika, kisha ikaanza kutukana. Ndani ya lifti alikuwamo mwanamke mmoja tu, lakini nafasi ilikuwa imekwisha. Mgongoni alibeba gitaa, begani tarumbeta ndani ya mfuko wake, kinanda kilisimamishwa wima kama mgonjwa aliyeegemezwa ukutani, na kifuani ilining'inia kodiani kuukuu ya babu yake, ile ya kukunja na kukunjua. Alivaa gauni la njano na raba nyeupe, mavazi ya mtu anayejua atabeba mizigo lakini hataki kufananishwa na mbeba mizigo.

Simu yake ilikuwa inarekodi. Wimbo ulikuwa umemjia tangu mlangoni, na yeye wimbo ukimjia hausubirishi.

Sauti ya kiume ikashuka kutoka juu ya dari. "Humo ndani mko wangapi?"

"Mmoja. Ukihesabu na vyombo, bendi nzima."

"Bendi nzima ina njaa au ina woga?"

"Ina hasira! Nina kazi studio, watu wananisubiri."

"Basi tulia, dada. Nipo hapa juu yako. Siondoki mpaka utoke."

Aliyasema hayo taratibu, bila mbwembwe, na mwanamke akajikuta kweli ametulia. Spana zikagonga vyuma. Akapandisha sauti: "Fundi! Mashine yako ilikuwa inavuma kabla ya kukwama. Huwa unaisikia?"

"Kila siku. Mvumo ukibadilika ndipo ninapojua kuna kitu kinasagika."

"Usiubadilishe, nakuomba. Umelingana na kodiani yangu. Hii imeshuka sauti tangu enzi za babu, vinanda vyote vinaikataa. Sikiliza."

Akavuta noti moja ndefu. Juu, spana zikanyamaza. Fundi akawasha mota, lifti ikaanza kupanda, na ile noti na ule mvumo vikaingiliana hata usingejua kipi ni kipi.

Mlango ulipofunguka, alimkuta kijana mrefu mwenye grisi shavuni na ovaroli la buluu lililopigwa pasi mpaka likashika mstari. Fundi gani hupiga pasi ovaroli? Huyu alipiga. Akachukua kinanda bila kuombwa.

"Vyote hivi unapiga wewe?"

"Na ngoma pia. Hazikuenea tu."

"Basi lazima nimewahi kukusikia."

"Umenisikia sana. Redioni, kwenye harusi, kwenye tangazo la sabuni. Hujaniona tu. Mimi hukaa nyuma."

Ndivyo ilivyokuwa. Waimbaji walikuja studio na sauti zao na miwani yao ya jua. Gitaa, besi, ngoma, kinanda na tarumbeta alipiga yeye, kimoja baada ya kingine, mpaka wimbo ukajaa. Kisha wimbo ulitoka kwa jina la aliyeimba. Alianza kazi hiyo akiwa binti wa shule, na hakuna aliyeifanya vizuri kama yeye. Tangu siku ile ya lifti fundi alimwita Bendi, na jina likamkaa.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa kazi.

"Bendi wangu, umekula?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Chumba cha mashine, juu kabisa."

"Isogeze simu kwenye mota, niisikie kidogo."

"Yaani wenzangu huombwa busu, mimi naombwa mota!"

"Busu utaleta mwenyewe Jumapili. Usilitume kwa simu, litafika limepoa."

Jumapili moja Bendi alimketisha fundi kwenye kitanda chake, kwa kuwa viti vyote vilikuwa vimekaliwa na vyombo, akamvisha spika za masikioni. Kwanza ukaja mvumo wa lifti. Halafu sauti: *Tulia. Nipo hapa juu yako. Siondoki mpaka utoke.* Kisha kodiani ikaingia, na besi, na ngoma ndogo kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, na mwisho sauti yake mwenyewe Bendi, ambayo hakuna redio iliyowahi kuitoa.

Fundi alivua spika zile macho yamelowa. "Huyo ni mimi?"

"Ni wewe. Vyombo vyote nimevishusha vilingane na kodiani na lifti yako. Nimeurekodi studio, katika saa ambazo haina mtu."

"Utampa nani auimbe?"

"Huu simpi mtu. Utatoka kwa jina langu, na nitasimama mbele niuimbe."

Wiki nzima fundi alitembea kama mtu aliyezaliwa upya. Aliwaambia wenzake kazini, aliwaambia abiria wa lifti, aliwaambia hata ambao hawakuuliza: mchumba wangu anatoa wimbo.

Wimbo ukatoka kweli. Bendi alikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, redio ilipotangaza kibao kipya cha mwimbaji nyota wa mjini. Mvumo wa lifti. *Tulia. Nipo hapa juu yako.* Kodiani yake. Halafu, pale palipopaswa kuwa na sauti yake, sauti ya mwanamume.

"Dada, usitikise kichwa," msusi alisema.

Alimpigia fundi. Simu haikupatikana, fundi alikuwa ndani ya shimo la lifti akibadilisha nyaya, na humo mtandao haushuki. Alipotoka, abiria mmoja alikuwa anaucheza wimbo ule kwenye simu. Fundi alisikia maneno yake mwenyewe, yale aliyomwambia mwanamke mmoja, yakichezwa mji mzima kwa jina la mtu mwingine. Mikono bado ina grisi, akapiga simu. Safari hii ya Bendi ndiyo iliyokuwa imezimwa. Alikuwa chumba cha kurekodia, ambako simu haziruhusiwi.

Walikutana jioni mbele ya jengo la studio, kila mmoja ameshachemka.

"Uliniambia humpi mtu."

"Sikumpa! Bosi wa studio ameuchukua. Niliuacha kwenye kompyuta yake."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Bendi akainamia raba zake.

"Si umetoka huko sasa hivi? Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimeitwa kazini. Nilipiga besi."

"Wimbo wako umeibwa asubuhi, mchana unampigia besi aliyeuiba?"

"Yeye ndiye anayenipa kazi, fundi! Nikigombana naye, nani mwingine ataniita?"

"Basi ni sawa na kumpa. Tofauti ni kwamba hukusema chukua." Akafuta mikono kwenye ovaroli, akaiharibu ile pasi yote. "Mimi niliyesema siondoki, naondoka."

Aliondoka akiamini kwamba mwanamke wake alikuwa ameona haya kusimama na maneno ya fundi wa lifti. Bendi alibaki akiamini kwamba mwanamume yule alimpenda siku za kusifiwa tu. Wote wawili walikosea, na wote wawili walikuwa na kiburi cha kutosha kukaa na kosa lao.

Bendi alikwenda kwa mama yake. Mama yule alikuwa mkunga, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobandikwa kifuani, na hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu mzima.

"Unalia nini? Mwanamume au wimbo?"

"Vyote, mama."

"Anza na wimbo, huo ni wa kwako. Mimi nimezalisha watu tangu hujazaliwa. Sijawahi kumkabidhi mama mwingine mtoto wa mtu kwa sababu namwogopa mganga mkuu. Nawa uso."

Akanawa uso. Na kabla taulo halijakauka, simu ikalia. Alikuwa bosi wa studio, nyuma yake kelele za bendi inayofanya mazoezi.

"Bendi, njoo upesi ukumbini. Tamasha ni kesho na ule wimbo unagoma. Nyuzi tumeshusha, kinanda tumeshusha, lakini kodiani haishuki. Kila tuliyoileta inalia kama paka aliyekanyagwa mkia."

"Kwa sababu kodiani yenyewe ninayo mimi."

"Ndiyo hiyo, ilete."

"Nitaileta nikiwa nimeivaa. Nitasimama mbele, nitauimba mwenyewe, na jina langu litatangazwa, ukumbini na redioni. Hutaki, pigeni na paka wenu."

"Unajua ukinifanyia hivi sikuiti tena?"

Mama yake alimtazama, akanyoosha kidole kuelekea juu: kaza.

"Usiniite. Tafuta watu watano uwaketishe kwenye kiti changu, uone kama watakitosha."

Kisha sauti nyingine ikashika simu. Ilikuwa ya mwimbaji nyota mwenyewe.

"Dada, wimbo ni wako?"

"Kila noti. Hata mvumo."

"Huyu bwana aliniambia ameutunga yeye." Akashusha pumzi. "Mimi nina nyimbo zangu za kutosha, sina haja ya kutembea na ya watu. Njoo. Nitakutangaza kwa mdomo wangu."

Na alifanya hivyo. Asubuhi yake redioni alilitaja jina la Bendi, akasema sauti ya mwenye wimbo mtaisikia leo ukumbini, na watakaoikosa wasinilaumu. Fundi alisikia akiwa anakunywa chai. Kikombe kilisimama hewani. Akachukua simu, akaiweka. Akaichukua tena, akaiweka. Mtu aliyesema haondoki, kisha akaondoka, ataanzaje kuongea?

Hakuhitaji kutafuta pa kuanzia. Ukumbi ule ulikuwa na jukwaa dogo la chuma linalompandisha msanii kutoka chini ya sakafu hadi mbele ya watu, na matunzo yake yalikuwa chini ya kampuni ya fundi. Aliomba zamu hiyo mwenyewe, akapewa.

Chini ya jukwaa palinuka mafuta na vumbi. Bendi aliingia na gauni refu jekundu lisilo na mikono, ili mikono iwe huru, kodiani kifuani, na chini ya gauni raba zilezile nyeupe. Mama yake alimfuata nyuma, ana pini mdomoni, akikaza pindo. Walipomwona mwanamume wa ovaroli la buluu, lililopigwa pasi, wote watatu walisimama.

"Huyu ndiye yule asiyeondoka?" mama aliuliza, akitoa pini.

"Ndiye, mama."

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba. Mbona uliondoka?"

"Nilikosea, mama."

"Haya. Rudia uone." Akachoma pini ya mwisho, akamkagua binti yake kuanzia nywele hadi viatu, macho yakimeta. "Nakwenda kukaa mbele. Nimewaambia wauguzi wote. Usinipigie ovyo."

Wakabaki wawili. Juu, mwimbaji nyota alikuwa anaongea na umati, na umati ulikuwa unanguruma.

"Nimesikia redioni," fundi alisema. "Kumbe ulisema."

"Nilisema. Nilichelewa, lakini nilisema. Na wewe simu yako imevunjika?"

"Simu ni nzima. Aliyevunjika ni mwenye simu. Alidhani umeyaonea haya maneno yake."

Bendi alicheka ingawa hakutaka. "Maneno yako sikuyaonea haya hata siku moja. Ningeyaonea haya, ningeyaweka mwanzo wa wimbo?"

"Sasa naelewa." Akashika mkono wa mtambo, akauachia. "Bendi, nikikupandisha hapo watakujua wote. Kabla hawajakujua nikuulize: utakubali nikuoe?"

Ngoma ikaanza juu yao. Jina lake likatajwa, jina lake kamili, na ukumbi ukalipuka.

Bendi akapanda kwenye chuma, akanyoosha mgongo. "Nipandishe kwanza, fundi."

Alivuta mtambo taratibu. "Tulia," alisema. "Nipo hapa chini yako. Siondoki mpaka ushuke."

Raba nyeupe ndizo alizoziona mwisho.

Kutoka chini fundi hakuona kitu. Alisikia tu, na kusikia ilikuwa kazi yake. Kodiani ikavuta ile noti ndefu. Kisha akajua, kwa hatua zilizokuwa zikigonga mbao juu ya kichwa chake, kwamba Bendi anatembea. Alikwenda kwenye ngoma, zikasema. Akaenda kwenye besi, chuma alichokishika fundi kikatetemeka. Gitaa. Kinanda. Tarumbeta ikapasua hewa, na mtu mmoja kule mbele, mwenye sauti ya kuamrisha wazazi wodini, akapiga kelele: "Huyo ni wangu! Huyo nimemzaa mimi!" Kisha vyombo vikapungua, ikabaki sauti yake peke yake, wazi, bila haraka, sauti ya mtu aliyefika mahali pake.

Wimbo ulifika mwisho anaoujua fundi. Lakini Bendi hakuacha. Alivuta noti ile tena, akaimba neno moja ambalo halikuwamo Jumapili ile kitandani.

"Ndiyo."

Umati ulidhani ni kiitikio kipya. "Ndiyo!" ukaitikia, ukumbi mzima.

"Ndiyo, fundi!"

"Ndiyo, fundi!" maelfu ya watu wakaimba, wakipunga mikono, hawajui wanachokijibu.

Fundi alikaa kwenye sanduku la nyaya. Makofi yalipigwa yakapita, taa zikabadilika, na mkono wa mtambo alikuwa ameusahau kabisa, mpaka sauti aliyoizoea iliposhuka kupitia nafasi ya sakafu, ikimnong'oneza.

"Mume wangu, unanishusha, au nikae huku huku?"