Utepe Aliofunga Azan

Bi Miza aliishi Dunda, Bagamoyo. Asubuhi alifagia ua, akachemsha chai, akanywa peke yake. Mumewe, Azan, alikuwa ameshafariki. Enzi zake, jioni walicheza mpira wa vinyoya kwa raketi uani, wao wawili tu, na aliyeshindwa aliosha vyombo.

Alipotoka eda, nyumba ilimzidi ukubwa. Siku nyingine adhuhuri ilifika hajasema na yeyote isipokuwa kuku, na kuku si watu wa mazungumzo. Upweke ulimuuma hasa.

Jirani yake Hajra, mwalimu wa michezo, alimwalika kucheza na wanawake waliokutana uani kwake baada ya alasiri. Miza alifurahi mno. Akaitoa raketi yake ya zamani. Utepe wa mpini ulikuwa umechakaa na kingo zimenyanyuka, lakini Azan ndiye aliyeufunga. Kuubandua hakuweza. Akanunua mpya, akaufunga juu yake. Ulipoteleza, akaongeza mwingine. Mpini ukanenepa kama mchi.

Jioni moja raketi ilimchopoka, ikapita karibu na sikio la Ashatu, mwenzake katika mchezo. Ashatu alisema hakuumia, yamekwisha. Miza alitazama malengelenge kiganjani, akaona haya, akaenda zake. Siku zilizofuata alisikia vicheko vyao ng'ambo ya ukuta, naye akajifanya anachagua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa safi tangu asubuhi.

Hajra akaja kupiga hodi.

"Shikamoo, Bi Miza."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hajra aliomba kuiona raketi. Akamwambia Miza aushike mpini. Vidole havikuzunguka vizuri. Akamweleza kwamba mpini mnene huchosha mkono, ndiyo maana raketi humtoka. Kati ya ncha za vidole na kiganja ibaki nafasi ya kidole kimoja. Tepe zote za zamani zitoke.

"Huo wa chini aliufunga Azan," alisema Miza.

Hajra hakumharakisha. Alizibandua tepe mbili za juu, akainama akazitazama zile kingo zilizonyanyuka.

"Marehemu alitumia mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Ndiyo maana. Aliuzungusha kwa upande wa mkono wake, nawe hizi za juu ukazifuatisha. Wewe wa kulia, kila ukipiga, kingo zinakuchuna."

Miaka yote ile Miza aliudhani mkono wake mlaini. Alicheka kidogo, kisha akalia, na Hajra akamwacha alie. Halafu Miza mwenyewe akaubandua utepe wa Azan, taratibu, akaukunja na kuutia kwenye kisanduku cha udi.

Wakaifuta gundi kwa kitambaa kikavu. Hajra akamwelekeza: anza chini kwenye kitako, bandika ncha iliyokatwa mshazari. Vuta utepe kidogo, usiulegeze wala usiukaze mno. Zungusha raketi, mkono utulie. Kila mzunguko ulalie kidogo ule uliotangulia, kwa kipimo kilekile, mpini usiwe na vinundu. Ukifika juu, kata ncha mshazari na ufunge kwa karatasi ya gundi.

"Sasa pitisha kiganja kama unapiga," alisema Hajra. "Kingo zikilala, umepatia. Zikikukwaruza, fungua, ufunge kwa upande wa pili."

Mara ya kwanza zilimkwaruza. Miza akafungua, akaanza upya. Mara hii zililala.

Malengelenge yalipopona, alirudi uani kwa Hajra. Alicheza mpaka wakasikia adhana ya magharibi, na raketi ilikaa mkononi. Nyumbani bado palikuwa kimya, hilo halikubadilika, lakini sasa kila alasiri alikuwa na watu wa kumngoja.

Juma lililofuata Ashatu alimletea raketi yake na utepe mpya, akamwomba amfungie. Miza alikaa kwenye mkeka, akamkaribisha kando yake. Kabla hajaugusa utepe, aliuliza:

"Wewe watumia mkono gani, mwenzangu?"