Jani la Njiani

Mvua ilikuwa imeinyeshea Voi vizuri, na nyuma ya tangi la maji magugu yalikuwa yameshamiri. Kavetsa alifurahi. Binti yake, Abby, alikuwa mchaguzi wa chakula kupindukia. Mboga pekee aliyoila bila kubembelezwa ni ile ya bibi yake mzaa baba, Ndila, kule Mwanda milimani.

Ndila alizoea kuchanganya mchicha na majani machanga ya gugu moja la kwenye unyevu. Kwake waliliita tu jani la njiani, maana hustawi hata likikanyagwa. Kavetsa, aliyelelewa kwenye mashamba ya katani huku chini kwenye ukame, hakulijua. Lakini mke wa mwana gani anapenda kuonekana hajui mboga? Hakuuliza. Alishika maneno mawili tu: majani mapana, kando ya njia.

Basi alichuma majani mapana kando ya njia ya kwenda tangini, akayaosha, akainjika sufuria.

Immaculate, mhudumu wa afya wa mtaa wao, alipita kuwajulia hali. Alichukua jani moja kwenye ungo, akalifikicha na kulinusa. Uso ulimbadilika.

"Mama Abby, mtoto ameonja hizi?"

"Bado. Ndio nataka kuweka kwa sufuria."

"Usiweke. Hii ni mnanaha, ile ya matunda ya miiba. Ni sumu. Mtu akikula, mdomo unakauka, anaanza kuongea ovyo. Mtoto anaweza kufa."

Kavetsa aliiepua sufuria motoni. Alieleza alichokuwa anatafuta. Immaculate hakumcheka. Yeye ni wa milimani kama Ndila, na jani hilo alilijua.

"Njia ina majani mengi, mwenzangu," alisema. "Usijue jani kwa mahali. Lijue kwa jani lenyewe."

Akamfundisha taratibu. Mnanaha husimama kwa shina na matawi, na jani lake hunuka vibaya. Jani la njiani halina shina. Majani yake hutoka mahali pamoja na kutandaa juu ya udongo. Mishipa yake hutoka kwenye kikonyo na kwenda pamoja mpaka nchani. Maua yake hukaa kwenye kijiti kama mkia wa panya. Ukivuta kikonyo polepole kikakatika, nyuzi hubaki zikining'inia.

"Na ukiwa na shaka, usipike," alimaliza. "Mtu akikula asichokijua, mkimbize hospitali, na ubebe hilo jani."

Wakavaa glavu, wakaing'oa ile minanaha yote.

Jumamosi Kavetsa alipanda Mwanda na Abby. Kuuliza si ujinga, alijiambia, akameza aibu na kumweleza mama mkwe kila kitu. Ndila alijishika kifua.

"Kosa ni letu sote, mwanangu. Nilikuonyesha njia, sikukuonyesha jani."

Akampeleka penye mfereji, akamwachia achague mwenyewe. Kavetsa alipiga magoti. Alitazama majani yaliyotandaa, akafuata mishipa kwa kidole, akavuta kikonyo. Nyuzi zikatokea. Ndila akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimlenga.

Walipopakua, Abby alimaliza sahani yake, akaomba nyongeza. Kavetsa alimwongezea. Yeye mwenyewe alishindwa kula. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Immaculate moyoni, akabaki kumtazama mtoto wake akitafuna, mzima.