Kibali cha Kula

Kila asubuhi saa moja, kisomamwili kiliamka kwenye kifundo cha mguu wa Asajile. Kilikuwa utepe mwembamba kama ganda la kitunguu, lakini kilisoma damu, koo na uzito wa mtoto bila sindano wala mizani, kisha kikatamka neno moja. Katika jiji la Mbeya la miaka hiyo, hakuna mtoto aliyeonja chakula kabla chombo hicho hakijasema, "Tayari."

Kwa Asajile, aliyetimiza miezi saba, kilisema, "Bado."

Lugano, mama yake, alikiamini kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye mhandisi aliyekiandikia kanuni.

"Mtoto anakaa, shingo imekaza, akiona parachichi anafungua mdomo," alisema Bi Tusekile, mama yake Lugano, aliyekuja kutoka Tukuyu kusaidia kulea. "Unangoja nini tena?"

"Mama, chombo kinasoma mpaka damu. Wewe unasoma nini?"

"Nasoma macho yake."

Siku mbili baadaye, Lugano akiwa kazini, Bi Tusekile alimpondea mjukuu parachichi. Asajile alilamba vijiko viwili, akaung'ang'ania mkono wa bibi yake, akataka zaidi. Utepe ulihisi. Muda si muda roboti mkaguzi wa Baraza la Lishe alikuwa mlangoni, na Lugano akaitwa.

"Nani amemlisha mtoto?"

"Mama yangu."

Bi Tusekile alipigwa marufuku kumkaribia mjukuu wake. Alikunja khanga zake, akaondoka.

Asajile akaendelea na maziwa ya mama peke yake, na chombo kikaendelea kusema, "Bado." Kufikia mwezi wa tisa viganja vyake vilikuwa vimepauka. Hakuweza tena kukaa bila kuegemezwa. Hata kulia alikuwa halii. Lugano akambeba mbio hospitalini.

"Damu imempungua sana," alisema Daktari Mwaisumo. "Baada ya miezi sita maziwa peke yake hayatoshi, mama. Kwa nini hajaanza kula?"

"Kisomamwili kilikataa."

Daktari alizifungua kumbukumbu za chombo, akasoma kwa muda mrefu.

"Kilikuwa kinaiona damu ikishuka. Lakini kuna kifungu kilichowekwa juu ya vingine vyote: asilishwe mpaka afike kilo saba. Huyu alizaliwa kabla ya siku zake. Halishwi kwa sababu ni mwepesi, na ni mwepesi kwa sababu halishwi! Nani aliandika upuuzi huu?"

"Mimi," alisema Lugano.

Siku hiyo hiyo alikifuta kifungu. Visomamwili mia nne na sita, katika nyumba asizozijua, vikasema "Tayari" kwa mkupuo mmoja.

Mtoto alipokwisha kuongezewa damu na marufuku kuondolewa, Lugano alikwenda Tukuyu naye mgongoni. Bi Tusekile alimpokea mjukuu, akampikia uji wa ulezi. Asajile aligeuza uso. Bibi hakumlazimisha, alijaribu tena mchana, akajaribu tena kesho yake. Siku ya nne mtoto alimeza kidogo.

Lugano akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Sikujua."

"La chombo nimeshakusamehe. Kazini kila mtu hukosea." Bi Tusekile alimfuta mtoto mdomo. "Ila ulipoulizwa nani kamlisha, hukusita hata kidogo."

Lugano alinyoosha mkono kukipokea kijiko. Mama yake akakisogeza mbali.

"Akimaliza nitakuita umnyonyeshe."

Lugano alitoka, akakaa barazani, akangoja kuitwa.